Operesheni ni ya moyo, mbona mkono umeshonwa?

Ami yangu aliporudi Wete kutoka India, waliokuja kumjulia hali walikuta makovu mawili. La kifuani kila mtu alilitarajia. La mkono wa kushoto, lililoshuka kutoka karibu na kiwiko mpaka kwenye kifundo, liliwashangaza. "Kaka, moyo si uko huku? Mkono wamekufanya nini?" aliuliza shangazi. Ami akajibu, "Wamechukua mshipa," akanyamaza. Jibu lilikuwa sahihi lakini halikumtosheleza mtu, na kazi ya kueleza ikaniangukia mimi.

Moyo, ijapokuwa umejaa damu saa zote, hauli damu iliyomo ndani yake. Una mishipa yake ya kuulisha, ateri za koronari, iliyotambaa juu ya nyama yake. Mafuta yakijikusanya kwenye kuta za mishipa hiyo, njia hubana, na mtu akipanda mlima au akibeba mzigo kifua humkaba. Njia nyengine ya tiba ni kuweka stenti, kijibomba cha waya kinachotanua palipobana. Lakini mishipa mingi ikiwa imeziba, madaktari mara nyingi huchagua baipasi. Hapo palipoziba hapaguswi. Huungwa mshipa mwengine unaotoa damu kwenye mshipa mkuu wa mwili, aota, na kuishusha mbele ya kizuizi. Mshipa huo wa kuungia ndio kipandikizi, na hutolewa kwenye mwili wa mgonjwa mwenyewe.

Hutolewa wapi? Mshipa unaopendwa kuliko yote ni ateri ya ndani ya kifua, iliyo karibu na moyo. Ikiungwa kwenye mshipa mkubwa wa mbele ya moyo, baada ya miaka 10 zaidi ya asilimia 90 huwa bado wazi. Lakini ateri hiyo moja haitoshi mishipa mitatu au minne. Kwa muda mrefu pengo limejazwa kwa vena ndefu ya mguu, yaani mshipa wa kurudisha damu kwenye moyo, tangu René Favaloro, daktari wa Argentina, alipoieneza njia hiyo kule Cleveland kuanzia 1967. Vena ni ndefu na ni rahisi kuitoa. Tatizo lake ni kwamba imezoea damu ya taratibu inayorudi kutoka miguuni. Ni sawa na kuchukua mpira wa kumwagilia bustani ukaufunga kwenye pampu kubwa. Ukuta wake huwa mnene, mafuta huuingia, na baada ya miaka 10 takriban nusu ya vena hizo huwa zimeziba.

Ateri ya mkono imezaliwa kwenye msukumo mkubwa. Inaitwa ateri ya rediali, na bila shaka umeshaigusa: ndiyo inayodunda chini ya kidole gumba pale daktari anapohesabu mapigo. Inapita kwenye kigasha chote, kutoka kiwiko hadi kifundo.

Je, kiganja hakifi? Hili ndilo swali ambalo shangazi hakuliachia, na alikuwa na haki. Kiganja kinalishwa na ateri mbili, rediali upande wa gumba na alna upande wa kidole cha mwisho, na ndani ya kiganja huungana kama upinde. Ikitolewa moja, nyengine hubeba kazi, iwapo upinde ni mzima. Ndiyo maana hupimwa kwanza. Mgonjwa hukunja ngumi, daktari akazibana ateri zote mbili, kisha mgonjwa hufungua kiganja kikiwa kimepauka. Daktari huachia alna peke yake. Rangi ikirudi kiganjani baada ya sekunde chache, ni dalili njema. Kipimo hiki kina jina la daktari Allen, aliyekieleza 1929, na siku hizi huongezewa picha za mawimbi ya sauti.

Historia ya ateri hii inanigusa kuliko yote. Alain Carpentier aliianza Paris mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini nyingi ziliziba mapema, na madaktari wakaiacha. Ateri ya rediali ina ukuta wenye misuli mingi, na ikishikwashikwa hujikaza. Wao walikuwa wakiivua nyama zake za pembeni na kuitanua kwa vyuma. Miaka mingi baadaye, mgonjwa wa zamani aliyedhaniwa ateri yake imekufa akapigwa picha, ikaonekana iko wazi kabisa. Christophe Acar na wenzake wakairudia, wakatangaza matokeo 1992. Safari hii ilitolewa pamoja na nyama na vena zinazoizunguka, bila kulazimishwa, na wagonjwa wakapewa dawa za kuilegeza. Mwaka 2018 yalikusanywa majaribio 6 yenye wagonjwa 1,036. Baada ya miaka 5, waliowekewa rediali walipata matatizo machache ya moyo kuliko waliowekewa vena, na mishipa yao ilikuwa imeziba kwa uchache.

Hata hivyo si ya kila mtu. Mshipa wa moyo ukiwa haujabana sana, damu huendelea kupita njia ya zamani, na ateri mpya ikikosa kazi hunywea. Mwenye figo zinazoelekea kushindwa huachiwa mkono wake kwa ajili ya kusafishwa damu. Na ikiwa katheta ya picha za moyo, kijimpira chembamba kinachoingizwa ndani ya mshipa, ilipitishwa kwenye kifundo cha mkono, ateri ile huenda imeumia, kwa hiyo mwambie daktari ni mkono gani. Kwa kawaida huchukuliwa ule usiotumika sana. Fundi wa kuchonga milango anayetumia kushoto na aseme mapema. Wengine hubaki na ganzi karibu na gumba, maana vijineva vidogo hupita jirani. Kwa wengi hupungua pole pole.

Kwetu Zanzibar wengi huvuka kwenda Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, au husafirishwa India, kisha matunzo ya baadaye hufanywa huku huku. Basi mtu akiugua homa baada ya miaka miwili na muuguzi akamshika kifundo cha kushoto, huenda asipate mapigo. Ami sasa humtolea muuguzi mkono wa kulia kabla hajaombwa.