Refa Hakumwonea Robert Wangila

Kila ninapokuwa daktari wa zamu kando ya ulingo, refa akikatisha pambano nasikia maneno yale yale kutoka kona iliyoshindwa: "Daktari, kijana alikuwa bado amesimama!" Wiki iliyopita nimeyasikia mara tatu usiku mmoja.

Dhana potofu: bondia anayesimama na kubisha ni mzima.

Wangila alisimama, na alibisha. Huyu ndiye Mkenya pekee aliyetwaa dhahabu ya ndondi Olimpiki, uzani wa welta, Seoul 1988. Tarehe 22 Julai 1994, mjini Las Vegas, refa Joe Cortez alilikatisha pambano lake na David Gonzalez katika raundi ya 9. Wangila alilalamika kwamba bado ana nguvu. Akazirai baadaye, chumba cha kubadilishia nguo, glovu zikiwa zimeshapumzika. Tarehe 24 alifariki, umri wake miaka 26. Mpaka leo nakutana na watu wazima wanaosema refa alimwonea!

Ngumi ikikizungusha kichwa ghafla, ubongo huchelewa kulifuata fuvu, na vena (mishipa inayorudisha damu moyoni) ndogo zinazouunganisha na utando wake huchanika. Damu ya vena huvuja polepole. Kwa dakika kadhaa, pengine saa kadhaa, mtu hujibu maswali, hulitaja jina la mpinzani wake, humfokea refa. Damu ikishaukandamiza ubongo ndipo anapoanguka. Ndiyo maana simuulizi bondia kama anaweza kuendelea. Wote husema ndiyo. Natazama miguu, natazama mkono unaochelewa kurudi usoni.

Benny Paret naye alikuwa amesimama, New York, tarehe 24 Machi 1962, akitetea mkanda wa welta dhidi ya Emile Griffith. Kamba za ulingo ndizo zilizomshikilia. Refa alichelewa kuingilia, na Paret hakuzinduka tena. Alifariki tarehe 3 Aprili.

Kwa hiyo makocha, nawasihi: bondia aliyepigwa sana kichwani asilale peke yake usiku ule. Kichwa kikizidi kumuuma, akitapika, akisinzia ovyo au mboni moja ikipanuka, mkimbizeni kwenye hospitali kubwa inayopiga picha ya CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, saa hiyo hiyo. Na zitoeni aspirini na diklofenaki kwenye mkoba wa kona. Dawa hizo huizuia damu kuganda vizuri.

Dhana: kofia ya kinga hulinda ubongo. Hulinda ngozi. Hupunguza michaniko ya nyusi, lakini ubongo hutikisika vile vile. Seoul walizivaa; Rio 2016 wanaume walipigana bila hizo.

Dhana: damu nyingi usoni ndiyo hatari kubwa. Nyusi nazishona kila wiki. Bondia anayenitisha ni yule asiye na tone la damu, anayetazama kona isiyo yake.

Dhana: Wangila alikuwa bingwa wa dunia wa ngumi za kulipwa. Hakuwahi. Ila mtu ambaye Wangila alimwangusha fainali ya Seoul katika raundi ya 2, Mfaransa Laurent Boudouani, baadaye aliupata mkanda wa dunia wa chama cha ndondi cha WBA, katika uzani ulio juu ya welta.

Dhana: maji uliyoyatoa kwa sauna ili upunguze uzani hurudi yote usiku mmoja. Hayarudi yote. Kijana akilazimika kukimbia juani ndani ya nailoni ili afikie kilo 66.7, kikomo cha welta, huo si uzani wake. Mpandisheni daraja.