Kuchangia Mayai Hakumalizi Kizazi: Yanayosemwa Tanga na Ukweli Wake

Msichana wa Ngamiani au Makorora akiuliza habari za kuchangia mayai, yaani kutoa mayai yake ya uzazi ili mwanamke mwingine apate mimba, jibu analolipata kwanza ni hili: "Utayamaliza, ukiolewa huna kitu." Hofu hiyo imewekwa pasipostahili, na penye hatari yenyewe hapana anayepaangalia.

Mtoto wa kike huzaliwa na mayai milioni 1 hadi 2. Akivunja ungo yamebaki kama 300,000 hadi 400,000, na maishani mwake yatapevuka 400 au 500 tu. Kila mwezi mayai kadhaa huanza kukua pamoja; kwa kawaida moja hupevuka, mengine hufa. Sindano za homoni anazochomwa mchangiaji huyaokoa yale ambayo yangekufa mwezi huo. Akiba ya miaka ijayo haiguswi.

"Ni jambo la siku moja, kama kutoa damu." Sivyo kabisa. Mchangiaji huchomwa sindano chini ya ngozi ya tumbo kila siku, kwa siku 8 hadi 14, huku akipigwa utrasaundi mara kwa mara. Vifuko vya mayai vikifikia ukubwa unaotakiwa huchomwa sindano ya kupevusha, na mayai hutolewa saa 34 hadi 36 baada yake. Saa hizo hazina mchezo: akichelewa, mayai huachia yenyewe na kazi yote imepotea. Kuyatoa ni dakika 15 hadi 30. Daktari hupitisha sindano nyembamba ukeni akifuata picha ya utrasaundi, mwanamke akiwa amepewa dawa ya usingizi. Tumbo halipasuliwi. Aende na mtu wa kumrudisha nyumbani, na asikutane na mume bila kinga, kwani yai lililosalia linaweza kushika mimba.

Hatari ni ovari kuvimba kupita kiasi kwa dawa, maji yakavuja kutoka kwenye mishipa ya damu na kujaa tumboni. Tumbo likijaa, uzito ukipanda kilo moja au zaidi kwa siku, mkojo ukipungua, pumzi zikibana, ni kwenda hospitali ya Bombo usiku huohuo. Asiambiwe ni chango akapewa mizizi. Hali kali huwapata wachache, na mwenye vifuko vingi vidogo kwenye ovari yumo hatarini zaidi. Kwa hiyo kabla ya sindano ya kwanza aulize ovari zake zikoje, na nani atapokea simu yake usiku.

Vipimo vya mchangiaji ni VVU, homa ya ini B na C, kaswende, na pia seli mundu, ambayo kwetu si ya kupuuzwa. Anayebeba kinasaba kimoja huwa mzima wala hajijui. Yai lake likikutana na mbegu za mwanamume anayebeba kama yeye, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kupata mtoto mgonjwa.

"Nikigandisha yangu, nimejihakikishia mtoto." Mayai hukaa kwenye naitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri, na hubaki na umri wa siku yalipotolewa, ya miaka 28 hayawi ya 40. Lakini si yote yanayoyeyushwa salama, na si yote yanayorutubika. Msichana wa miaka 22 atalinda uzazi wake zaidi kwa kutibu mapema klamidia na kisonono, yeye na mwenzake pamoja, kabla mirija haijaziba. Magonjwa hayo mara nyingi hayamwonyeshi mwanamke dalili yoyote.

Na mimba isiposhika, mke asihangaishwe peke yake. Kipimo cha mbegu za mume ni chepesi: ajizuie siku 2 hadi 7, sampuli ifike maabara ndani ya saa moja.

"Dini imekataza yote." Fatwa ya Mufti wa Misri ya 1980 iliruhusu mimba ya maabara, yaani yai kurutubishwa nje ya mwili, kwa yai la mke na mbegu za mumewe wakiwa ndani ya ndoa; ilichokataa ni kumwingiza mtu wa tatu, na wanazuoni wengi wa Sunni wako hapo. Kanisa Katoliki, katika waraka wa 1987, lilikataa yote mawili. Mwislamu anayeogopa kutibiwa pamoja na mumewe kwa sababu ya katazo la uchangiaji anajinyima aliloruhusiwa.

"Hakuna atakayejua." Uingereza, mtoto wa yai lililochangwa tangu Aprili 2005 ana haki ya kumjua mchangiaji akifika miaka 18. Na kwingine, kipimo cha vinasaba cha binamu mmoja tu wa mchangiaji kinatosha kufichua.