Je, roboti ya chini ya maji huongozwa bila waya?

Wengi huamini kuwa roboti ya chini ya maji huongozwa kwa mawimbi ya redio, kama droni. Si ajabu, droni siku hizi tunaziona hadi harusini. Lakini maji, hasa ya chumvi, hufyonza mawimbi hayo upesi. Ndiyo maana roboti wanazounda wanafunzi kwa mabomba ya plastiki, mota 3 na betri ya volti 12 huwa na waya mrefu hadi juu, unaopitisha umeme na amri. Waya huo peke yake ni somo la uhandisi: ukiwa mwembamba mno, umeme hupungua njiani na mota huzubaa; ukiwa mnene mno, huivuta roboti nyuma.

Jaribu nyumbani: funga simu kwenye mfuko usiopitisha maji, cheza muziki kwa spika ya Bluetooth, ambayo nayo hutumia mawimbi ya redio, kisha zamisha simu hiyo katikati ya ndoo kubwa ya maji ya chumvi. Mara nyingi muziki hukatikakatika.