Kunenepesha ng'ombe: piga hesabu ya kilo kabla ya kununua pumba

Mfugaji anayetaka kuanza kunenepesha ng'ombe huanza na swali la chakula: mashudu (mabaki ya mbegu za pamba au alizeti zilizokamuliwa mafuta) kiasi gani, molasi (maji mazito ya miwa yanayobaki kiwandani) inapatikana wapi. Swali ni zuri ila limewahi mno. Kwa mwenye ng'ombe wawili, watano, hata kumi, sehemu kubwa ya faida au hasara huamuliwa mnadani siku ya kununua, gunia la pumba likiwa bado limefungwa.

Ng'ombe wa asili wa Shinyanga, Singida au Dodoma hukonda kiangazi kwa sababu malisho yamekwisha. Akipata chakula cha kutosha huongezeka haraka, mwili ukifidia ulichokosa. Huyo ndiye wa kutafuta: maksai (dume aliyehasiwa) au dume mwenye kiunzi kikubwa, mbavu zinahesabika, lakini macho ni maangavu na anatembea bila kuchechemea. Mfunue mdomo. Meno mawili hadi manne ya kudumu, ya mbele kwenye taya la chini, yanaonyesha umri wa kama miaka 2 hadi 3, na huo ndio unaolipa. Aliyejaza meno yote manane anaongeza mafuta zaidi ya nyama, na kilo ya mafuta inakula chakula kingi kuliko kilo ya nyama. Kukonda kwa ugonjwa ni habari nyingine. Ukiona uvimbe chini ya taya, kinyesi cha maji, manyoya yaliyosimama au kikohozi, mwachie dalali ng'ombe wake hata akishusha bei mara tatu.

Kisha uzito. Dalali ana mizani machoni, wewe una fedha tu, kwa hiyo nenda na futi ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya nundu na miguu ya mbele, halafu urefu kuanzia ncha ya bega hadi mfupa wa tako, vyote kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha tena kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Dume mwenye mzunguko wa 140 na urefu wa 115 anakuja kama kilo 208. Si sahihi kama mizani, hasa kwa ng'ombe wenye nundu, lakini ukimpima ng'ombe yuleyule kila baada ya wiki mbili, saa ileile ya asubuhi kabla hajala, utajua kama anaongezeka au anakula fedha zako bure. Futi ya fundi huishia sentimita 150, hivyo akinenepa tumia kamba kisha upime kamba.

Sasa hesabu yenyewe. Bei hizi ni za mfano, weka za kwenu. Ng'ombe wa kilo 200 hula chakula kikavu kilo 5 hadi 6 kwa siku. Tuseme anakula kilo 4 za mchanganyiko wa pumba na mashudu kwa shilingi 700 kila moja, na mabua ya shilingi 300. Jumla ni 3,100 kwa siku. Akiongezeka gramu 700 kwa siku, kila kilo mpya imekugharimu kama 4,430. Akiongezeka gramu 400 tu, kilo ileile imekugharimu 7,750. Hori ni moja, pumba ni zilezile, ila huyu wa pili anakurudisha nyuma kila anapotafuna kama sokoni kilo ya ng'ombe hai ni shilingi 5,000. Na hapo hatujahesabu dawa, maji wala kibarua.

Mchanganyiko wa kawaida usiohitaji ujanja ni huu, kwa kilo 100: pumba za mahindi 70, mashudu ya pamba au alizeti 27, chokaa ya mifugo kilo moja na nusu, chumvi kilo moja, na nusu kilo ya madini ya dukani. Watu huiruka chokaa kwa kuona ni unga mweupe tu. Pumba zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo. Chokaa ndiyo inayoleta kalsiamu; bila hiyo, maksai anaweza kupata mawe kwenye njia ya mkojo. Utamwona amekunja mgongo, anajikamua, mkojo unatoka matone. Mara nyingi huyo anaishia kuchinjwa kabla ya wakati. Yurea, ile mbolea ya nitrojeni ambayo wengine huichanganya na chakula cha ng'ombe, usiitie kwa kukisia. Ikizidi inaua kwa saa chache.

Wiki mbili za mwanzo ndizo za hatari. Ng'ombe aliyezoea nyasi kavu akimwagiwa pumba debe zima, tumbo linachacha tindikali. Anza na kilo moja kwa siku, ongeza nusu kilo kila baada ya siku mbili, majani makavu yakitangulia kila mlo. Kinyesi kitakuambia: kikiwa laini cha kijivu, chenye povu na harufu chachu, toa pumba, mwachie nyasi na maji mpaka kitulie. Maji yawepo muda wote. Anapofika mpe dawa ya minyoo, mwogeshe kupe, na mwite mtaalamu wa mifugo kwa chanjo ya chambavu, ugonjwa unaopenda madume machanga yanayonona haraka. Dawa yoyote utakayotumia, soma siku za kusubiri kabla ya kuchinja.

Mashudu nunua viwanda vya pamba vikiwa vinakamua, uyahifadhi juu ya chaga, mbali na ukuta. Yakipata ukungu yatupe; sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haichujwi. Pumba laini za mpunga usizirundike; zina mafuta na kwenye joto huchacha ndani ya wiki chache. Kanda ya Ziwa na ya kati, ng'ombe huwa bei poa mwishoni mwa kiangazi, kati ya Agosti na Oktoba. Ukinunua Septemba, siku 90 za kunenepesha zinakufikisha karibu na Krismasi. Idd el-Hajj nayo ina soko la madume, ila kila mwaka inarudi nyuma siku kama 11, kwa hiyo ihesabu upya.

Bucha nyingi za mtaani hazilipi zaidi kwa mafuta. Ukiona shina la mkia limejaa na kidari kimening'inia, na vipimo viwili mfululizo havisogei, acha kumlisha. Mtafute mnunuzi kabla, si siku hiyo, na usimtembeze kutwa bila maji kwenda mnadani, kwani kilo zinabaki njiani. Hata kama uliwanunua watano siku moja, hawatafika pamoja. Muuze aliyefika, na nafasi yake horini usiijaze mpaka umeuliza bei ya pumba ya wiki hiyo.