The Clash hawakuisaliti panki

Wakikutana mashabiki wa The Clash, bendi ya London ya miaka ya 1970 na 1980, mazungumzo hayachukui muda kufika palepale: bendi ilianza na panki, ile roki ya kasi na hasira, kisha ikaiacha. Mmoja atasema walijiuza mwaka 1977. Mwingine atasema ni 1979. Mwingine atashikilia kwamba mambo yalikuwa sawa mpaka redio za Marekani zilipoanza kuwacheza mwaka 1982. Nimo katika mabishano haya miaka mingi, na naipenda bendi hii kiasi cha kuumia nikisikia historia yake inasimuliwa miguu juu, kichwa chini. Suala la ladha ni la kila mtu na sikio lake. Lakini mengi yanayorudiwa yana tarehe na majina, na hizo tarehe hazikubaliani nayo.

Dhana: rege iliingia baadaye, walipochoka na panki

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayozaa nyingine nyingi.

Albamu ya kwanza ilitoka Uingereza Aprili 1977. Ina nyimbo 14, nyingi za dakika mbili hivi, zinakwenda mbio kama watu wanaofukuzwa. Ndani yake kuna "Police & Thieves", wimbo wa Junior Murvin wa Jamaika uliokuwa umevuma mwaka uliotangulia, nao peke yake unachukua dakika sita. Usikilize kwa kufuata magitaa tu, sauti ya mwimbaji iache kando. Kwa kawaida mpiga gitaa wa rege hagongi kwenye pigo lenyewe. Hulisubiri lipite, kisha huchapa katika nafasi iliyoachwa. Mick Jones, mpiga gitaa wa bendi, aliupanga wimbo huu kwa namna nyingine: gitaa moja linagonga kwenye pigo, la pili linajibu katikati ya mapigo. Rege pale imeshika mfupa, panki imeshika nyama. Vijana hawa hawakujifanya Wajamaika. Waliuchukua wimbo wanaoupenda, wakaupiga kwa mikono waliyokuwa nayo.

Haikuwa bahati nasibu. Paul Simonon, mpiga besi, aliishi Brixton utotoni, mtaa wa London uliojaa familia kutoka Karibi, na muziki ule aliusikia kabla hajashika ala yoyote. Katika klabu ya Roxy, walikokusanyika mapanki wa London mwanzoni mwa 1977, DJ alikuwa Don Letts. Santuri za panki zilikuwa bado zinahesabika kwa vidole, kwa hiyo alicheza rege usiku kucha. Umati wa panki ulikuwa unatikisika kwa besi za Kingston kabla panki yenyewe haijapata rafu ya kutosha dukani.

Halafu kuna "Complete Control", wimbo wa mwaka huohuo wa 1977 ambao wapenda panki safi huutaja kwanza kama ushahidi wa hasira ya kweli. Mtayarishaji wake ni Lee "Scratch" Perry, yuleyule aliyetayarisha "Police & Thieves" ya Murvin kule Jamaika. Anayetaka kuitoa rege ndani ya The Clash ya mwanzo itabidi autoe na wimbo huo.

Dhana: "White Riot" ni wimbo wa kibaguzi

Jina, maana yake "ghasia za weupe", linawapotosha watu ambao hawajausikiliza. Mwishoni mwa Agosti 1976, Joe Strummer, mwimbaji wa bendi, na Simonon walikuwa kwenye kanivali ya Notting Hill, London, vijana weusi walipopambana na polisi. Wimbo unawauliza vijana weupe kwa nini wao wamenyamaza, kwa nini hawana ujasiri kama ule. Tarehe 30 Aprili 1978 bendi hii ilipiga Victoria Park, London, mbele ya umati mkubwa, kwenye tamasha la Rock Against Racism, yaani roki dhidi ya ubaguzi. Sioni la kuongeza.

Dhana: panki ilikufa siku walipotia saini na CBS

Aliyetamka hivyo ni Mark Perry, mhariri wa kijarida cha Sniffin' Glue, na aliyasema kwa uchungu wa kweli. Mkataba ulisainiwa tarehe 25 Januari 1977 kwa paundi 100,000, na bendi iliyojitangaza sauti ya watu wasio na kitu ikajikuta kwenye kampuni kubwa ya santuri. Hoja hiyo naiheshimu. Ila itazame tarehe: albamu ya kwanza ilikuwa haijatoka. Karibu wote wanaolirudia neno la Perry wanaitukuza albamu hiyo kama panki halisi. Haiwezekani siku ile iwe ya mazishi, na santuri iliyokuja miezi mitatu baadaye iwe ndiyo uhai wenyewe.

Wala hawakuwa vibaraka wa kampuni. Walipoona CBS imetoa wimbo wao kama singo bila kuwauliza, waliandika "Complete Control" kuilalamikia hadharani, na kampuni ikalazimika kuiuza. Tawi la Marekani nalo lilikataa kuitoa albamu ya kwanza. Watu wakaagiza nakala kutoka Uingereza, zikapita 100,000, ndipo mwaka 1979 CBS ikatoa toleo la huko, tena likiwa na orodha tofauti ya nyimbo.

Dhana: "London Calling" ndiyo iliyoizika panki, "Sandinista!" ikaleta majivuno

"London Calling" ilitoka Desemba 1979: santuri mbili kwa bei ya moja, kwa sababu bendi iliibana kampuni mpaka ikakubali. Ndani kuna rokabili, ska, rege na jazi. Jalada lina herufi za waridi na kijani zilizoigwa kutoka albamu ya kwanza ya Elvis Presley ya mwaka 1956, na watu hawa ndio walioimba mwaka 1977 kwamba Elvis hatakiwi tena. Mashabiki fulani huona huo ni unafiki. Mimi naona ni watu waliokua, wakakiri wanadaiwa na waliowatangulia. Na chini ya herufi hizo yupo Simonon, amekunja mgongo, gitaa la besi limeinuliwa kama shoka, sekunde moja kabla halijapasuka jukwaani New York. Picha haijatulia vizuri, ina ukungu kidogo, na mpiga picha Pennie Smith mwenyewe hakutaka itumike kwa sababu hiyo. Nioneshe picha nyingine iliyo panki kuliko hiyo.

"Sandinista!" ya Desemba 1980 ni mzigo: santuri tatu, nyimbo 36. Kuna nyimbo mle ambazo ningezitoa leo bila kusita. Lakini majivuno hayaji na bili ya kujilipia mwenyewe. Ili iuzwe kwa bei nafuu, waliacha mirabaha yao kwenye nakala 200,000 za mwanzo Uingereza. Na mle ndani kuna "The Magnificent Seven", waliyoirekodi New York Aprili 1980 baada ya kusikia muziki wa kufokafoka mitaani. Mwaka uliofuata walimwalika Grandmaster Flash na kundi lake wawafungulie jukwaa katika ukumbi wa Bond's, Times Square. Mashabiki wakawazomea wageni hao na kuwarushia vitu. Mimi naona aibu kila nikilikumbuka tukio hilo, kwa sababu waliokuwa wakizomea walidhani wanailinda panki.

Dhana: "Rock the Casbah" iliandikwa kwa ajili ya pesa za Marekani

Ilifika nafasi ya 8 kwenye chati ya Marekani mapema 1983, ndiyo maana inashukiwa. Ukweli wake ni mdogo na wa kuhuzunisha. Muziki wake ni wa Topper Headon, mpiga dramu. Siku moja alikuwa studio kabla ya wenzake, akarekodi dramu, akarekodi piano, akaongeza besi, akijua wengine wakija watapiga upya sehemu zao. Walipofika wakasikiliza, wakaona hakuna cha kugusa. Strummer akaweka maneno.

Mei 1982, albamu ya "Combat Rock" ikiwa ndiyo kwanza inatoka, Headon alifukuzwa kwa sababu ya uraibu wa heroini. Itazame video ya wimbo huo: anayepiga dramu ni Terry Chimes, mpigaji wa zamani aliyerudishwa kuziba pengo. Wimbo wao mkubwa kuliko yote Marekani, na aliyeutunga hayumo.

Dhana: wangerudi kwenye mdundo wa 1977, bendi ingepona

Hapa ndipo ninapotaka wapenda panki safi wanisikilize, kwa sababu jaribio hilo lilifanyika.

Septemba 1983 Strummer na Simonon walimfukuza Mick Jones. Miongoni mwa malalamiko ni kwamba amepotelea kwenye vyombo vya kisasa na ameiacha njia. Wakaajiri wapiga gitaa wawili, Nick Sheppard na Vince White, wakaungana na mpiga dramu Pete Howard aliyekuwamo tayari, na ahadi ikawa ileile ambayo mashabiki waliidai: magitaa makali, nyimbo fupi, kurudi mwanzo. Mei 1985 walizunguka miji ya Uingereza wakipiga barabarani na magitaa ya kawaida, bila umeme. Ukizungumzia nia, ilikuwa panki tupu.

Kilichotoka Novemba 1985 ni "Cut the Crap". Meneja wao, Bernie Rhodes, alishika utayarishaji, na dramu nyingi za Howard zikabadilishwa na za mashine. "This Is England" ni wimbo mzuri sana, naupenda hadi leo. Zilizobaki ni makelele ya kwaya juu ya mashine. Mwaka 1986 bendi ikafa. Jones naye alikuwa na bendi mpya, Big Audio Dynamite, na mwaka huohuo Strummer alikwenda kumsaidia kutayarisha albamu yao ya pili. Kilichoivunja The Clash si kubadilisha sauti. Ni kuwafukuza wawili waliokuwa wakiitengeneza: Headon, aliyeweza kupiga chochote ulichomwomba, na Jones, aliyejua kukipanga.

Na angalia waliokuja nyuma yao walichochukua. Mwaka 1990 Beats International walishika nafasi ya kwanza Uingereza kwa mstari wa besi wa "The Guns of Brixton". Mwaka 2007 M.I.A. alijenga "Paper Planes" juu ya "Straight to Hell". Hakuna kati ya nyimbo hizo mbili za The Clash iliyotoka 1977.

Dhana: Strummer na Jones walikufa maadui

Jones yu hai, kwanza. Na hawakuachana hivyo. Tarehe 15 Novemba 2002 Strummer na bendi yake ya Mescaleros walikuwa wakipiga Acton, London, kuwachangia wazima moto waliokuwa kwenye mgogoro wa mishahara. Jones alikuwa chini na watazamaji. Ilipoanza "Bankrobber" akapanda jukwaani, akachukua gitaa. Hawakuwa wamesimama jukwaa moja tangu 1983. Wiki tano baadaye, tarehe 22 Desemba, Strummer alifariki ghafla kwa ugonjwa wa moyo aliozaliwa nao bila kujua, akiwa na miaka 50.

"Bankrobber" ni rege ya mwaka 1980, ambayo CBS mwanzoni ilikataa kuitoa. Baada yake usiku ule walipiga "White Riot", kisha "London's Burning".