Kumpiga picha mbwa akicheza majini: yanayoaminiwa na yaliyo kweli

Dhana: Kamera inayopiga picha nyingi mfululizo haiwezi kukosa.

Ukweli: Kinachogandisha mwendo ni kasi ya shata, yaani muda mfupi ambao kamera hufunguka kupokea mwanga. Kwa mbwa anayekimbia kwenye maji ya kina kifupi, anzia 1/1000 ya sekunde. Ukitaka matone yasimame hewani kama shanga, panda hadi 1/2000 au zaidi. Mwanga ukipungua, ongeza ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) bila woga: chengachenga zinazotokea pichani hupunguzwa baadaye kwenye kompyuta, lakini jicho la mbwa lililotoka na ukungu pichani halirekebishiki.

Dhana: Picha ya mbwa akijikung'uta ni bahati tu.

Ukweli: Mbwa ana utaratibu wake, na hapa ndipo ninapopapenda kuliko kwingine kote. Hutoka majini, husimama, hutanua miguu kidogo, kisha huanza. Kichwa hutangulia, mtikisiko ukashuka mabegani, kiunoni, hadi mkiani. Mbwa mkubwa kama Labrador hutikisika takriban mara 4 hadi 5 kwa sekunde. Wadogo huenda kasi zaidi. Basi akisimama tu, lenga jicho na uanze kupiga. Ukingoja maji yaruke umeshachelewa. Picha ninazozithamini ni zile za mwishoni, kichwa kimetulia na macho yamefunguka huku mgongo ungali unamwaga maji.

Dhana: Jua lazima liwe nyuma ya mpigaji.

Ukweli: Jua likiwa nyuma ya mbwa, tena liko chini, na mandhari ya nyuma ni ya giza, kila tone huwaka. Ila maji yanayometameta huidanganya kamera, na mbwa mweusi hugeuka kivuli kitupu. Ongeza mwangaza kidogo kwenye mipangilio ya kamera. Kisha lala kifudifudi: picha iliyopigwa kwa kusimama humfanya mbwa aonekane mdogo na maji yaonekane sakafu.

Dhana: Kila mbwa ni mwogeleaji, mrushie mpira mpaka picha ipatikane.

Ukweli: Hapana. Bulldog na wenzake wenye pua fupi, kichwa kizito na miguu mifupi huzama upesi; wavalishwe jaketi la kuelea. Hata mwogeleaji hodari, kila anapofumbua kinywa kudaka mpira humeza maji. Akimeza mengi mno, sodiamu ya damu hushuka, naye anaweza kufa. Akianza kuyumba, kutapika au kulegea, weka kamera chini umkimbize kwa daktari wa mifugo. Maji ya bahari nayo, akiyameza mengi, humtia sumu ya chumvi. Maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika, asiyaguse kabisa. Mpe mapumziko na maji safi ya kunywa kabla hajachoka.

Dhana: Kamera iliyozibwa dhidi ya mvua inaweza kuzamishwa.

Ukweli: Huhimili manyunyu tu. Baada ya kupiga baharini, ifute kwa kitambaa kilicholoweshwa kidogo maji yasiyo na chumvi, kisha kwa kikavu, na usibadilishe lenzi karibu na mbwa aliyelowa.