Injini kuzima si kupoteza breki

Ndege mbili ndogo zikigongana uwanjani baada ya injini ya moja kuzima, maelezo ya haraka huwa haya: injini ilikufa, kwa hiyo rubani hakuwa tena na breki wala usukani. Si kweli, na dhana hii inaficha hatari yenyewe.

Chukua Cessna 172, ndege ya injini moja inayotumika sana kufundishia marubani. Breki zake ni za haidroliki, yaani mgandamizo wa mafuta ndio unaozibana, na kila gurudumu kuu lina breki yake. Rubani hukanyaga sehemu ya juu ya pedali kwa vidole vya miguu. Nguvu inatoka mguuni mwake, si kwenye injini. Pedali hizohizo ndizo zinazogeuza gurudumu la mbele. Redio nayo inatumia betri. Hata angani ndege haidondoki kama jiwe: ikiwa mita 900 juu, hewa ikiwa tulivu, inaweza kuelea kama kilomita 8 mbele.

Anachopoteza rubani ni nafasi ya pili. Mwenye injini akiona ndege nyingine imesimama kwenye njia ya kurukia, huongeza nguvu na kupaa tena. Asiye nayo lazima atue. Mwaka 1983, Boeing 767 ya Air Canada iliyoishiwa mafuta ilitua Gimli, Kanada, kwenye njia ya zamani ya jeshi la anga iliyogeuzwa uwanja wa mashindano ya magari, na siku hiyo watu walikuwapo. Hakuna aliyekufa, lakini rubani hakuwa na namna ya kughairi.

Kwa hiyo rubani akitangaza dharura redioni, njia ya kurukia iachwe wazi kwanza, maswali baadaye.